Madoa ya waridi ya M83: ni rangi ya kweli? Na kwa nini mikono ya galaksi haijisokoti ikaisha?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, Dodoma. Nimebandika darasani picha ya galaksi M83 iliyopigwa na darubini ya Hubble, na wanafunzi wa kidato cha tatu wamenibana kwa maswali matatu. Yale madoa ya waridi yaliyojipanga kwenye mikono ni rangi ya kweli au yamepakwa na kompyuta? Ikiwa galaksi inazunguka, kwa nini mikono yake haijajisokota kama uzi kwenye kibiringo mpaka ikapotea? Na ule mstari mnene ulionyooka katikati una kazi gani? Nimejibu nilivyoweza, ila mwenyewe sikuridhika.

Jibu: Nzuri, Mwalimu, na hongera kwa kupata wanafunzi wanaokubana. Swali lao la pili liliwatesa wanaastronomia kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, kwa hiyo usijione umeshindwa. Nitaanza na rangi, kwa sababu ukishayaelewa madoa yale, mikono na mstari wa katikati vinakuwa rahisi zaidi kueleza.

Tuiweke kwanza M83 mahali pake. Iko umbali wa miaka nuru milioni 15 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), mpakani mwa kundinyota la Shuja na la Kantarusi, upande wa kusini wa anga. Diski yake inayong'aa ina upana wa kama miaka nuru 50,000, nusu ya galaksi yetu au pungufu. Tunaiona karibu uso kwa uso, kama mtu anayetazama sinia kutoka juu, na ndiyo maana kila mkono uko wazi na hakuna kilichojificha nyuma ya kingine. Ni galaksi ya spirali, na nyota nyingi zimejipanga katika mstari unaokata katikati. Mstari huo mimi huuita boriti, kama zile boriti za mikoko zinazobeba dari za nyumba za kale za Lamu na Unguja. Nitaendelea na jina hilo.

Sasa rangi. Kamera ya Hubble hupiga picha za kijivu, moja baada ya nyingine, kila moja kupitia kichujio kinachoruhusu aina fulani tu ya mwanga. Baadaye kila picha hupewa rangi yake, kisha zote hulazwa moja juu ya nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesema kompyuta imehusika amesema kweli. Lakini madoa yale hayakubuniwa. Kichujio kimoja hupitisha mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 656.3 pamoja na majirani zake wachache tu, na mwanga huo ni mwekundu hasa, mwekundu ambao jicho la binadamu lingeutambua kama ungekuwa na nguvu ya kutosha.

Unaweza kuwaonyesha darasani kitu cha ukoo mmoja na huo. Ngoja giza liingie kidogo, washa jiko la gesi au taa ya spiriti ya maabara, kisha nyunyiza chembe chache za chumvi kwenye mwali. Papo hapo mwali unageuka manjano. Manjano ile ni sahihi ya sodiamu: popote atomu za sodiamu zinapochokozwa na joto, hutoa manjano ile ile, iwe jikoni kwako au kwenye nyota. Hidrojeni nayo ina sahihi yake. Atomu ikivunjwa, elektroni ikaondoka kisha ikarudi, hushuka ngazi kwa ngazi kuelekea kiini. Inaporuka kutoka ngazi ya tatu hadi ya pili, hutema ule mwanga wa nanomita 656.3. Ikitoka ya nne hadi ya pili, hutema mwanga wa buluu-kijani wa nanomita 486.1, ulio dhaifu zaidi. Wekundu mwingi ukichanganyika na buluu kidogo ndipo unapata waridi. Galaksi imejaa hidrojeni kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo popote gesi inapowashwa, waridi hujitokeza.

Nani anaiwasha? Hapo ndipo penye utamu wa habari yote, na ningependa darasa lako likae hapo kwa muda.

Jua letu haliwezi. Uso wake una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na mwanga wake una miali michache mno ya urujuanimno yenye nguvu ya kuvunja atomu ya hidrojeni. Kazi hiyo inataka nyota nzito, zenye uzito wa majua 15, 20, 40, ambazo nyuso zao zinafika nyuzi 30,000 na kupita. Nyota hizo ni adimu, na zinatumia akiba yao kwa fujo. Jua lina mafuta ya kuishi miaka bilioni 10. Nyota yenye uzito wa majua 40 huisha kwa takriban miaka milioni 5. Kwa galaksi ambayo huchukua zaidi ya miaka milioni 100 kujizungusha mara moja, miaka milioni 5 ni kufumba na kufumbua. Basi doa la waridi ni kama moshi juu ya paa la jiko: ukiuona, unajua kuna mtu anapika sasa hivi, si mwaka jana. Zikifa nyota zile nzito, gesi inazimika na doa linapotea, hata kama maelfu ya nyota ndogo zilizozaliwa nazo bado yapo.

Wape wanafunzi hesabu hii. Tuchukue nyota inayokwenda kilomita 200 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwenye diski ya galaksi. Kwa miaka milioni 5 itakuwa imesafiri kama miaka nuru 3,300. Ukilinganisha na diski ya 50,000, hizo ni hatua chache kutoka mlangoni. Nyota nzito hufia karibu na pale ilipozaliwa. Jua letu, kwa upande mwingine, lina umri wa miaka bilioni 4.6 na limeizunguka galaksi yetu kama mara 20, kwa hiyo mahali lilipo leo hapatuambii chochote kuhusu lilikozaliwa. Ndiyo sababu tunayathamini sana madoa ya waridi: yanachora ramani ya vyumba vya uzazi, tena vya sasa hivi.

Sogea karibu na picha yako, Mwalimu, uufuate mkono mmoja kwa kidole. Ukingo wa ndani, ulio upande wa kiini, una uzi wa kahawia unaokwenda sambamba na mkono. Hilo ni vumbi, na penye vumbi pana gesi baridi. Ukitoka kidogo nje ya uzi huo unakuta madoa ya waridi, kama shanga. Ukitoka zaidi, mkono unakuwa wa buluu: nyota changa ambazo gesi yake imeshaondoka. Mpangilio huo (vumbi, waridi, buluu) ushike akilini, tutaurudia baada ya muda mfupi.

Ukikaza jicho zaidi, madoa yenyewe hayafanani. Mengine ni madogo, yamekaza, waridi imekolea, na nyota zilizomo hazionekani vizuri. Hao ni wachanga kabisa, bado wamefunikwa na gesi iliyowazaa. Mengine yana umbo la povu la sabuni, pete ya waridi yenye kundi la nyota za buluu katikati na uwazi kuzizunguka. Hapo upepo na mwanga wa nyota nzito vimeshaisukuma gesi nyuma. Na pengine utaona fungunyota la buluu (kundi la nyota zilizozaliwa pamoja) lililo peke yake, safi, halina waridi hata kidogo, maana limepita miaka milioni 10 hivi na gesi imekwenda zake. Mwaka 2011 Bradley Whitmore na wenzake walichapisha njia ya kukadiria umri wa mafungunyota ya M83 kwa umbo hilo hilo la waridi. Mwaka 2014 watu wa kawaida wakaalikwa kupitia mtandao kusaidia kuyapanga mafungunyota takriban 3,000 ya galaksi hiyo kwa umri. Zoezi kama hilo linafanyika kwa penseli na picha ya ukutani. Wagawe wanafunzi makundi, kila kundi lipewe kipande cha mkono, lihesabu madoa yaliyokaza, mapovu, na mafungu ya buluu safi.

Tuje kwenye kibiringo. Wanafunzi wako wana haki kabisa ya kushangaa, na hesabu inawaunga mkono. Tuseme kila kitu kwenye diski kinakwenda kilomita 200 kwa sekunde, kiwe karibu na kiini au mbali (galaksi nyingi za spirali ziko karibu na hali hiyo). Nyota iliyo miaka nuru 10,000 kutoka katikati itamaliza mzunguko kwa miaka milioni 94 hivi. Iliyo miaka nuru 20,000 ina njia ndefu mara mbili, kwa hiyo itachukua miaka milioni 188. Kila ya nje ikimaliza mzunguko mmoja, ya ndani imemaliza miwili. Ukiipa galaksi miaka bilioni 10, ya ndani itakuwa imeizidi ya nje kwa mizunguko zaidi ya 50. Kama mkono ungekuwa kamba iliyofungwa kwa nyota zile zile, ungejisokota zaidi ya mara 50 na leo tusingeona mkono, tungeona diski iliyopakwa sawasawa kama chapati. Lakini M83 ina mikono miwili mikubwa iliyo wazi, inayojipinda polepole. Kwa hiyo mkono hauwezi kuwa kamba.

Bertil Lindblad wa Uswidi alikuwa ameshalifikiria jibu kwa miaka mingi, na mwaka 1964 C. C. Lin na Frank Shu wakaliandika kwa hesabu: mkono ni mahali ambapo nyota na gesi husongamana zinapopita, halafu zinatoka upande wa pili.

Wewe uko Dodoma, basi barabara ya Morogoro unaijua. Fikiria foleni ya malori kwenye mizani. Lori linakuja na kasi yake, linafika mkiani mwa foleni, linapunguza mwendo, linasogea kidogo kidogo, linapimwa, linaondoka. Ukiipiga picha foleni kutoka juu saa mbili asubuhi na tena saa kumi jioni, utaikuta pale pale, na urefu wake pengine ule ule, lakini hakuna lori hata moja la asubuhi lililobaki ndani yake. Malori yanafika Dodoma, foleni haifiki Dodoma. Mkono wa galaksi ni foleni ya namna hiyo. Ndani ya sehemu kubwa ya diski, nyota na gesi zinakwenda kasi kuliko mkono, zinaufikia kwa nyuma, zinakawia kidogo kwa kuvutwa na wingi wa vitu vilivyosongamana hapo, kisha zinaupita.

Mfano huo una mahali unapochechemea, na ni vizuri kuwaambia. Kwenye galaksi hakuna mizani wala askari. Msongamano hujishikilia wenyewe kwa mvutano, na foleni yenyewe nayo inazunguka, ila polepole kuliko wapitaji wake. Tena si kila galaksi yenye mikono hufuata utaratibu huu. Zipo zenye mikono ya vipande vipande, ambako kila kipande hutokea, kujinyoosha na kufa peke yake. Wataalamu bado wanabishana ni kwa muda gani misongamano hii hudumu kabla ya kuvunjika na kuundwa upya. M83, kwa mikono yake miwili inayoanzia kwenye ncha za boriti, ni miongoni mwa zile ambazo picha ya foleni inazieleza vizuri.

Na hapa ule mpangilio wa vumbi, waridi na buluu unapata maana yake. Nyota zikiingia kwenye msongamano haziumizani, kwa sababu nafasi kati ya nyota na nyota ni kubwa kupita kiasi. Gesi haina bahati hiyo. Mawingu yake ni makubwa, yanagongana na kukandamizwa. Hapo ndipo uzi wa kahawia unapojichora, kwenye ukingo wa kuingilia. Ndani ya gesi iliyokandamizwa, mawingu ya baridi kali, nyuzi 250 na zaidi chini ya sifuri, yanazidiwa na uzito wao wenyewe na kuporomoka. Nyota zinazaliwa, zile nzito zinawasha hidrojeni, na tunapata waridi hatua chache mbele ya vumbi. Baada ya miaka milioni kadhaa zaidi gesi imefukuzwa, nyota zimesogea mbele, na tunapata buluu. Kwa hiyo ukipitisha kidole kutoka kwenye kahawia kwenda kwenye buluu, unatembea ndani ya muda. Kwangu hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwenye picha ile, na huonekana kwa macho tu, bila hesabu.

Swali la tatu, boriti. Hii ni tofauti kidogo na mkono, maana nyota nyingi zilizomo hukaa humo. Zinazunguka kwa njia ndefu zilizobanwa, kama mkimbiaji kwenye uwanja mrefu mwembamba, na njia nyingi za namna hiyo zikilala upande mmoja, boriti inajitokeza. Nyingi ya nyota hizo ni za zamani, za rangi ya manjano. Ukiipata picha ya M83 iliyopigwa kwa mwanga wa infraredi, unaopenya vumbi na kuonyesha nyota kongwe, mikono inakuwa laini na boriti inasimama wazi kama mfupa.

Kazi yake kubwa ni kuisukuma gesi. Nyota zinaweza kupishana kwenye njia zinazokatana, gesi haiwezi. Ikifika mahali ambapo mikondo miwili inakutana, inagonga, inapoteza mwendo wake wa kuzunguka, na kisichokuwa na mwendo wa kuzunguka huanguka kuelekea katikati. Angalia picha tena: kila upande wa boriti una mstari mweusi wa vumbi, karibu umenyooka, ukielekea kwenye kiini. Hiyo ni mifereji. Boriti inachota gesi kutoka kwenye diski na kuimwaga katikati.

Sasa waulize wanafunzi: kwenye mifereji hiyo kuna gesi nyingi, mbona waridi ni chache? Waache wabishane kidogo kabla ya kuwajibu. Gesi iliyomo inakwenda kwa kasi kubwa, na vipande vilivyo jirani vinapishana kwa mwendo tofauti, kwa hiyo wingu linararuliwa kabla halijapata nafasi ya kuporomoka. Kuwa na gesi peke yake hakutoshi kuzaa nyota. Inahitaji pia utulivu wa kiasi fulani ili ijikusanye. Kwenye ncha za boriti, gesi inapokutana na ile ya mikono na kukawia, waridi inarudi kwa wingi. Na mwisho wa mifereji, ndani ya miaka nuru elfu moja hivi ya katikati, kuna upinde wa mafungunyota uliojaa mng'ao, mengi yake yakiwa na umri wa chini ya miaka milioni 10. Hicho ndicho chumba cha uzazi chenye shughuli kuliko vyote katika M83. Mwaka 2025 darubini ya Webb iliripotiwa kugundua hapo katikati gesi ya neoni iliyonyang'anywa elektroni nyingi kiasi ambacho nyota za kawaida hushindwa kukifikia, dalili kwamba huenda shimo jeusi kubwa nalo linakula gesi ya boriti.

Kwa jumla, makadirio mengi yanaipa M83 uzazi wa nyota wenye uzito wa majua matatu hadi matano kila mwaka. Huenda ikasikika kidogo, lakini galaksi yetu, iliyo kubwa kuliko hiyo, inakadiriwa kuzaa nyota zenye uzito wa majua mawili hivi kwa mwaka.

Panapozaliwa nyota nzito kwa wingi, hufa kwa wingi pia. Kati ya 1923 na 1983 binadamu walishuhudia supanova sita (milipuko ya nyota zinapokufa) katika galaksi hii moja. Ile ya Julai 1968 iligunduliwa na Jack Bennett, mwanaastronomia wa ridhaa wa Pretoria, Afrika Kusini, akiwa anatafuta nyota-mkia kwa darubini yake ndogo. Aliona nukta isiyokuwepo awali, kwa jicho, bila kamera. Mwaka uliofuata aligundua nyota-mkia iliyopewa jina lake, ikapendeza anga la 1970. Ile ya 1983 iligunduliwa na mchungaji wa Australia, Robert Evans, naye kwa jicho; alikuwa amekariri sura za galaksi nyingi kiasi cha kutambua mgeni mara moja. Masalia ya supanova yaliyokwisha kutambuliwa katika M83 yanakaribia 300.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wako hawakuuliza, na linatokana moja kwa moja na haya. Mwanga ulio kwenye picha yako uliondoka M83 miaka milioni 15 iliyopita, zama ambazo kaskazini mwa Kenya aliishi Nacholapithecus, mnyama wa jamii ya sokwe ambaye mifupa yake ilipatikana Nachola. Nyota nzito zinazowasha hidrojeni huishi milioni chache tu, kumi zikizidi sana. Maana yake, nyota zote zilizoyawasha madoa yale ya waridi zimeshakufa. Hakuna hata doa moja kwenye picha yako ambalo bado linawaka kwa nyota zile zile. Lakini mikono ipo, na boriti ipo, na madoa mengine yamewaka kwenye ukingo ule ule, mbele ya vumbi jingine. Foleni ipo, malori ni mengine. Ukimweleza mwanafunzi hilo akiwa amesimama mbele ya picha, jibu la swali la kibiringo litamkaa.

Na pia waambie kwamba sisi wenyewe tunaishi ndani ya galaksi yenye boriti. Njia Nyeupe ina yake katikati, na ushahidi ulipata nguvu kuanzia miaka ya 1990. Tumo ndani, hatuwezi kutoka tukaipiga picha kutoka juu, kwa hiyo tunajifunza nyumba yetu kwa kutazama ya jirani. M83 imekuwa jirani mwema kwa kazi hiyo.

Mwisho, usiwaachie picha tu. Galaksi hii ni yetu sisi wa kusini kwa namna fulani. Aliyeiona kwanza na kuiandika ni Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, mwaka 1752, akiwa Rasi ya Tumaini Jema na darubini ndogo mno. Charles Messier aliiingiza kwenye orodha yake mwaka 1781 kutoka Paris, ambako haipandi zaidi ya nyuzi 11 juu ya upeo, ikizama kwenye ukungu wa mji. Alilalamika kwamba ilimpa tabu kuiona. Kwenu Dodoma inapanda hadi nyuzi 66.

Subiri masika yaishe. Mwishoni mwa Mei, katika usiku usio na mwezi, M83 hufika juu kabisa kama saa tatu na nusu usiku, na Juni ni mapema zaidi kidogo. Toeni mguu nje ya mji, mbali na taa za barabarani. Tafuteni Sumbula, nyota nyeupe angavu ya kundinyota la Mashuke, ambayo saa hizo iko karibu na utosi. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni nyuzi 10 hivi. Kutoka Sumbula shuka kuelekea kusini ngumi mbili kasoro kidole, ukiegemea mashariki kidogo tu. Hapo elekeza darubini ya macho mawili, ile ya kawaida ya 10×50 inatosha. Msitafute waridi. Kwenye mwanga hafifu jicho hutumia seli zisizohisi wekundu, kwa hiyo mtaona kiwingu cha kijivu, kidogo, kama pumzi kwenye kioo. Mimi mara ya kwanza nilikipita mara tatu nikidhani ni uchafu wa lenzi. Mbinu ni kutoangalia moja kwa moja: tazama pembeni yake kidogo, kiwingu kitajitokeza. Mkipata darubini yenye kioo cha sentimita 20, na giza likiwa la kweli, anayesubiri kwa dakika kumi ataanza kuona kwamba kiwingu kina katikati iliyorefuka. Hiyo ni boriti. Kila mwanafunzi apewe zamu yake, na aliyeiona achore alichokiona kabla hajamwachia mwenzake nafasi.

Mkishamaliza, shukeni kusini tena ngumi mbili kasoro: kuna Omega ya Kantarusi, fungunyota kubwa la nyota kongwe ambalo huonekana hata kwa macho matupu, na ambamo hamna doa la waridi hata moja. Waulize kwa nini.